Siku Nne Bila Vidonge

Mwanangu, nakumbuka vizuri asubuhi moja mtoto wa darasa la pili aliponijia mezani akijikuna shingo. Nilimfunua ukosi wa gauni, nikaona malengelenge. Tetekuwanga. Nilimpeleka kwa mwalimu mkuu arudishwe kwao, kisha nikarudi darasani.

Wengi huona tetekuwanga ni jambo la watoto. Kwangu ilikuwa habari nyingine. Mwaka mmoja nyuma, viungo vya mikono vilinivimba hata nikashindwa kufunga kifungo. Nikapelekwa Mombasa, na daktari akanipa vidonge vidogo vya kumeza kila siku. Alinieleza kwamba mwili wangu ulikuwa ukijipiga wenyewe, na dawa ile huutuliza. Lakini mwili uliotulizwa hushindwa pia kupigana na maradhi ya kuambukiza. Akaniuliza kama niliwahi kuugua tetekuwanga, maana aliyeugua huwa na kinga. Nikasema sijui. Akaniagiza niwaulize wazee nyumbani, na akanionya nisiache dawa ghafula hata nikijiona mzima, kwa kuwa mwili ulioizoea huishiwa nguvu ikikatwa.

Vidonge vikanirudishia mikono. Nilipata kazi ya ualimu kisiwani Amu, nikakaa kwa shangazi yangu mtaa wa Mkomani. Dawa ilinivimbisha uso, na watu wakanisifu kwamba nimenenepa, Amu imenipenda. Nami, kwa upumbavu wa ujana, nikaipokea sifa. Sikumwambia mtu. Nilimwogopa mwalimu mkuu, Bwana Mutiso, mtu wa bara mwenye maneno machache, asije akasema mwalimu mgonjwa hafai. Mama yangu alikuwa kisiwa cha Pate. Naye sikumuuliza kitu, kwa kuwa swali lingezaa swali, na mwisho angenirudisha nyumbani.

Basi siku ile nikajifanya daktari wa nafsi yangu. Nikawaza: ikiwa dawa ndiyo inayoninyima kinga, niiache mpaka tetekuwanga ipite. Ajuaye nusu, mwanangu, wakati mwingine humshinda asiyejua kwa hatari.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Ya pili viungo vikaanza kuuma. Ya tatu nilitapika chai, nikamwambia shangazi ni uchovu. Ya nne, nikiandika hesabu ubaoni, chaki ilinitoka mkononi nami nikaifuata chini.

Walimu wenzangu walinibeba kwa kiti mpaka hospitali. Nilipozinduka, muuguzi aliniuliza ninatumia dawa gani, na Bwana Mutiso alikuwa amesimama pale pale. Nikaeleza yote, tangu Mombasa. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Muuguzi alikwenda mbio kumwita daktari, nikarudishiwa dawa yangu kwa sindano.

Bwana Mutiso alivuta kigoda akaketi. Nikangoja aseme kazi imekwisha.

"Mwalimu," akasema, "ningekubadilishia darasa siku ile ile. Umeniogopa kwa kosa ambalo sijalitenda."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano. Nilimwomba radhi. Akasema nipone kwanza, darasa la saba linanisubiri. Wakubwa wale karibu wote walishaugua tetekuwanga.

Hata hivyo hofu ilikuwa haijaniisha, maana nilikwisha kumshika yule mtoto. Siku iliyofuata mama akafika kwa mashua, shangazi alikuwa amempelekea habari. Nikamsimulia nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, machozi yanamtoka.

"Ndia hiyo ya tetekuwanga ulishaipita kitambo," akasema. "Ulikuwa mtoto mchanga, huyaota meno. Nalikukeshea siku saba." Akanigusa nyuma ya sikio. "Na kovu lake hili hapa."

Daktari akalitazama, akamhoji mama kidogo, akasema hofu kubwa imeondoka. Mwanangu, nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia mwaka mzima. Jioni ile nilikula wali sahani mbili, mama akinipakulia.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, vidonge vikiwa kwenye mkoba, si siri tena. Siku za kliniki mwalimu mwenzangu alinishikia darasa. Naye alipojifungua, nikamshikia lake. Wazazi wakazoea kuleta habari mapema mtoto akiwa na homa au vipele. Kazi haikuharibika.

Basi wewe unayekwenda kazini na dawa yako, sikia la mkongwe. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nusura kinifichue. Si lazima utangaze sokoni. Lakini mkubwa wako wa kazi na ajue, hata mmoja, na nyumbani wajue. Dawa usiiache wala usiipunguze kwa akili yako, muulize aliyekupa. Na usimhukumu mtu kwa jibu ambalo hujamuuliza. Atakayekukatalia huenda yuko, sikatai, lakini heri umjue ungali umesimama.

Mola akupe siha, na pale siha inapopungua akupe watu wa kukushikia mzigo upande wa pili. Aufanye ulimi wako mwepesi siku ya kusema, na riziki yako isikatike. Amin.