Sahihi ya Papa Ezéchiel

Papa Ezéchiel hakutoka nyumbani bila chupa tupu mfukoni mwa koti. Iwe misa, iwe matanga, chupa ilikuwemo. Kazi yake, katika shirika dogo la kupanda miti pale Muhumba, mtaa wa Bukavu, ilikuwa kuwachunguza wote waliotaka kulifadhili shirika, na hakuanza na makaratasi yao. Alianza na mto unaopita chini ya shughuli zao. Aliteka maji, akarudi nayo Bukavu, akaiweka chupa dirishani kando ya meza ya Clémence, karani aliyemchapia ripoti kwa miaka kumi na mmoja.

Siku aliporudi kutoka Mwenga, maji yalikuwa mazito na mekundu, hayakutaka kutulia. Mugisho, mlinzi wa lango, aliinua chupa kwenye jua.

"Muzee, leo umetuletea kasiksi, pombe ya ndizi?"

"Onja. Lakini kwanza uage bibi yako."

Walicheka. Kisha muzee akaketi, akamweleza Clémence. Nyumba ya kununua dhahabu iliyotaka kugharamia kitalu cha miche cha shirika, kule Nyangezi, ndiyo yenye mashine zinazoupasua mto ule. Mama mmoja wa huko, Consolate, ndiye aliyemjazia chupa, akamtaka aape kwamba atayasema aliyoyaona. Akaapa. Hitimisho la ripoti yake lilikuwa fupi: tukatae.

Umeme wa Muhumba huja unapotaka wenyewe. Kwa hiyo muzee, ambaye magoti yake yalikwisha kuchoka na vilima vya mji, alikuwa na desturi ya kusaini ukurasa wa mwisho ungali mweupe, akamwachia Clémence na kwenda zake. Umeme ukirudi, Clémence alikuwa akichapa maneno juu ya ile sahihi. Hakuna aliyewahi kumwonya. Hakuna aliyeona kuna la kuonya. Siku hiyo pia alisaini, akaenda zake.

Kesho yake mkurugenzi, Parfait, alimletea Clémence maandishi mengine: maji yamechafuliwa na mvua za msimu tu, mfadhili anafaa. Alisema bila mfadhili huyo kitalu kitafungwa, na kwamba muzee amekwisha kuelewa. Clémence alimjua muzee. Alijua hawezi kuelewa jambo kama hilo. Simu ilikuwa mezani, hakuigusa. Alifikiri juu ya kitalu, akafikiri na juu ya kiti alichokalia, akachapa. Baadaye aliyamwaga yale maji nyuma ya jikoni, akaisuuza chupa vizuri, kama mtu aoshaye chombo cha mgeni, akairudisha dirishani.

Wiki tatu zikapita. Parfait akatangaza redioni msaada mpya, akaongeza kwamba Papa Ezéchiel mwenyewe, ambaye kila mtu anamfahamu, ndiye aliyekwenda mtoni kuhakikisha.

Asubuhi iliyofuata muzee aliingia ofisini, akamsalimu Mugisho kama kawaida. Alimwambia Clémence kwamba Consolate alimpigia simu usiku, baada ya kusikia redio. Hakutukana, hakulia. Aliuliza tu, "Papa, ni weye ulisema maji yetu iko muzuri?" na akakata kabla ya kusikia jibu. Tangu hapo, alisema muzee, kila akimpigia, simu haishikwi.

Akaomba ripoti. Aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa mwisho, na hapo akakaa sana akiitazama sahihi yake, kama mtu aliyeitwa kutambua uso wa ndugu.

Hakwenda kwa Parfait. Clémence akaanza kusema aliyojiandalia: kitalu, amri ya mkubwa, watoto wake watatu wanaosoma. Muzee alimsikiliza hadi mwisho, jinsi alivyowasikiliza watu wote maisha yake yote. Halafu akaichukua chupa dirishani, akaigeuza mwangani, akaona jinsi ilivyong'aa. Akaitia mfukoni. Mlangoni alisimama, bila kugeuka.

"Clémence, miye nilikuwa nasaini karatasi tupu kwa sababu ilikuwa weye."