Moto wa Siku ya Saba

Mazoea yana taabu. Kwa miaka arobaini na mitatu Jasuben alikuwa akiamka kabla ya kunguru, akiingia jikoni macho nusu wazi, na kubandika maji ya chai kabla hata hajakumbuka jina lake. Asubuhi hiyo mikono yake ilifanya kazi bila kumuuliza: ikafungua gesi, ikapiga kiberiti, ikabandika sufuria. Maji yalipoanza kunguruma ndipo akili ilipofika. Jani la pamba alilolilaza juu ya jiko jana yake jioni, kwa heshima zote, lilikuwa linafuka moshi.

Ilikuwa siku ya saba ya mwezi kupungua, katika Shravan, mwezi wa mvua wa kalenda ya Kihindu, na siku hiyo hakuna mwanamke wa Kihindu mjini Nadiad anayewasha jiko. Chakula hupikwa siku ya sita na huliwa baridi, kwa sababu Mama Shitala, mungu wa kike mwenye ndui na surua na kila upele unaowatoka watoto, hupita nyumba kwa nyumba akijilaza majikoni apate kupoa. Akiungua, mtoto wa nyumba hiyo ndiye anayelipa. Jasuben alizima, akamwaga maji, akafuta jivu kwa ncha ya sari yake, akaweka jani jingine. Kisha akakaa sakafuni.

Hakumwambia mtu. Kifungua kinywa kilikuwa chapati za uwatu za jana, na mtindi. Khyati, mjukuu wake wa miaka minane, alizigeuzageuza kwa kidole. Wote walimwita Jasuben Ba, yaani mama.

"Ba, mwalimu wetu kasema chakula kilicholala kina vijidudu."

"Mwambie mwalimu wako, baba yako kalelewa kwa chakula hiki hiki, na leo mlango haumtoshi."

"Mimi nipo hapa nawasikia," alisema Nirav, mwanawe, na kuchukua chapati ya sita.

Wote walicheka. Jasuben naye alicheka, lakini jicho halikumtoka Khyati.

Siku ya tatu baadaye mtoto aliamka na homa, na vipele vya maji vimemjaa kifuani. Jasuben alipoviona alikwenda kuchuma majani ya mwarobaini, akayapanga kuzunguka kitanda, akasimama katikati ya chumba bila kujua afanye nini tena. Kumbe mwenye kovu usidhani kapoa. Kabla ya Nirav alikuwa na mwana mwingine, Hitesh, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minne. Naye vipele vilimtoka siku ya tatu baada ya siku ya saba, na mama mkwe wa Jasuben akasema mbele ya jamaa zote: "Huyu kawasha moto." Jasuben aliapa kwamba hakuwasha. Aliapa mwezi mzima. Halafu, kwa kuambiwa asubuhi na jioni, akaanza kujitilia shaka, na mwisho akamwangukia bibi kizee miguuni akaomba radhi. Tangu hapo jina la Hitesh halikutajwa tena katika nyumba ile.

Na sasa mjukuu. Hakuweza kuvumilia. Alimvuta mkwewe, Bijal, mke wa Nirav, kando ya mlango.

"Bijal, mwanangu, mimi ndiye niliyemwua."

"Nani kafa, Ba? Mtoto anaomba juisi!"

"Niliwasha jiko. Siku ya saba. Mikono tu, sikukusudia."

Alingoja matusi, au kilio. Bijal alitazama chini, akakuna shingo.

"Ba, usinikasirikie. Mimi kila siku ya saba nampashia Khyati maziwa, chumbani, kwa birika la umeme. Tangu alipozaliwa."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nilijiambia umeme si moto."

Jasuben alijiuliza. Umeme ni moto au si moto? Kama ni moto, mtoto huyu alisalimikaje miaka minane? Kama si moto, mbona birika linaunguza? Na yeye aliyekuwa akijisifu kwa majirani kwamba saumu zake za siku ya saba ndizo zinazomlinda mjukuu! Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

Walimpeleka mtoto kwa daktari, kijana mmoja mwenye haraka. Alimtazama Khyati kifua na koo, akaanza kuandika.

"Tetekuwanga. Wiki moja nyumbani, asijikune, atapona. Shuleni kwao wako wengi."

"Daktari," alisema Jasuben, "inaweza kuanza siku tatu tu baada ya, baada ya jambo?"

"Jambo gani, Ba? Ugonjwa huu hukaa mwilini wiki mbili kabla ya kuonekana. Kipele ukikiona leo, ujue aliupata zamani."

"Na surua?"

"Surua vilevile. Siku kumi, kumi na nne." Alikata karatasi, akampa Bijal. "Anayefuata!"

Njiani kurudi Khyati alidai barafu ya sukari, Bijal akambembeleza. Jasuben alikuwa nyuma yao akihesabu siku za Hitesh kwa vidole, akikosea, akianza tena. Alipaswa kufurahi, mtoto atapona. Alifurahi, ndiyo. Lakini chini ya furaha ile palikuwa na kitu kingine, hasira au huzuni, mwenyewe hakujua, na mama mkwe wake, aliyestahili kuambiwa, alikwishachomwa na majivu yake kutupwa mtoni miaka ishirini iliyopita. Alisimama katikati ya barabara. Pikipiki zilimpigia honi.

"Bijal."

"Nini tena, Ba? Tusogee pembeni."

"Mwaka ule mimi sikuwasha."

"Mwaka gani, Ba?"

"Mwaka wa Hitesh," alisema Jasuben. "Sikuwasha jiko. Nilimwambia mama mkwe wangu, akakataa kuniamini."

Bijal, ambaye katika miaka kumi ya ndoa hakuwahi kulisikia jina hilo, alimshika mkono na kumuuliza Hitesh ni nani.