Kuomba Shina la Mgomba Mpuguso

Niliondoka Mbeya kwa sababu nilikuwa nimechoka kusahihisha majibu niliyokwisha kuyajua. Kila mwaka wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza walifanya majaribio yale yale maabarani, wakanakiliana ripoti. Nilitaka sasa wachunguze swali la kweli, kwa nini migomba ya Rungwe inanyauka, kisha matokeo yawekwe mtandaoni, yeyote ayasome bure. Idarani walinisikiliza kwa adabu tu. Mwenzangu niliyepanga kwenda naye alinipigia asubuhi ya safari akasema amepata udhuru.

Kwenye basi sikuwa na wa kuzungumza naye. Tulipokaribia Tukuyu ukungu ulifunika mashamba ya chai, nikabaki nikitazama uso wangu kwenye kioo.

Nilipanga chumba Ibighi, pale pale Tukuyu. Mvua ilinyesha jioni nzima. Nilikula wali peke yangu, nikampigia mwenzangu, hakupokea.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Mpuguso, kwa Mama Tumpe, mjane niliyeelekezwa kwake na bwana shamba. "Ugonile," nilimwamkia kwa Kinyakyusa changu cha kubabaisha. Alicheka kidogo, akanipa kiti. Nilimwomba vipande vya mashina yaliyougua. Akauliza vitakwenda wapi, nami nikamweleza yote, hata habari ya kuyaweka matokeo mtandaoni.

Aliitazama migomba yake. "Mkishaandika kwamba shamba langu linaumwa, nani atanunua ndizi zangu?"

Nilisema ukweli ungewasaidia wakulima wengine.

"Wewe utaondoka, mwanangu. Mimi nitabaki hapa na hilo jina."

Alinipakulia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, akarudi kupalilia. Nilikula nikisikia jembe lake. Kisanduku cha sampuli nilikirudisha Mbeya kitupu.

Maabarani niliwasimulia wanafunzi. Walibishana mpaka kipindi kikapita. Kabla ya siku hiyo, mle ndani hatukuwa tumewahi kubishana juu ya chochote. Tukakubaliana matokeo yawe wazi kwa wote, ila jina la shamba na la kijiji tusiyataje kwenye ripoti, na mwenye shamba aambiwe kabla ya mtu mwingine. Nilijifunza hapo kwamba nilikuwa nimeifikiria dunia nzima itakayosoma, nikamsahau mtu mmoja atakayebaki na migomba yake.

Nikampigia Mama Tumpe.

"Mimi kwanza?" aliuliza.

"Wewe kwanza, mama."

"Basi njoo. Ila usije tena peke yako. Siku ile ulinitia huruma."