Tundu la Katikati

Machage wa Musoma aliitwa Injinia na watu ambao hawakuwahi kumwona injinia mwingine wa sauti. Alilipenda jina hilo, akaliandika kwenye kibao cha studio yake. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe watatu ili yeye aende Nairobi miezi minne kujifunza kurekodi, na aliporudi, mwaka 2011, alirudi na cheti chenye mhuri wa bluu na habari moja ambayo hakuchoka kuisimulia, kwa kinyozi, baa, hata nje ya kanisa baada ya misa. Sauti ya siku hizi, alisema, haitoki mbele tu. Inagawanywa mafungu sita na kila fungu lina spika yake: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma mbili, na fungu la sita ni la mingurumo mizito, hilo la sabufa.

"Umekaa kwenye kochi lako. Kwaya iko mbele, makofi yako mgongoni, na mwimbaji amesimama katikati anakutazama usoni."

"Duh, Injinia!" watu wakasema.

Kati ya waliosema duh, hakuna aliyekuwa na spika sita nyumbani. Hilo Machage hakuliwaza.

Kazi yake ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa DVD ya kwaya ya kigango kimoja cha Bunda. Waimbaji walikuwa arobaini, lakini mashairi, yale yanayoimbwa na mtu mmoja wakati wengine wanasubiri kiitikio, yaliimbwa na Nyamburi. Alikuwa mzaliwa wa Butiama, na mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda. Nyamburi alikuwa na sauti isiyo na haraka. Watu waliochelewa misa walisimama mlangoni wakasubiri amalize, wakaona aibu kupita akiwa anaimba. Machage alimpa maiki yake peke yake, na alipokaa kuchanganya sauti, akaiweka ya Nyamburi yote kwenye fungu la katikati. Hakuimwaga hata tone kushoto wala kulia. Alijiona amempa kiti cha enzi.

DVD ikatoka kabla ya Krismasi. Deki za DVD za bei nafuu zilizojaa madukani wakati ule zilikuwa na matundu sita nyuma, moja kwa kila fungu, na watu walikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Wakazichomeka kwenye matundu mawili ya kwanza kama walivyozoea. Picha ikatoka safi, kwaya ikaimba kiitikio, nyumba ikatetemeka. Yakafika mashairi. Nyamburi akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kinanda kikaenda peke yake mpaka kiitikio kilipokuja kumwokoa.

"Anahema kama sato kwenye beseni," mtu mmoja akasema, na maneno hayo yakazunguka Bunda yote.

Mwalimu wa kwaya, Onesmo, akapiga simu. "Injinia, dada yetu yuko wapi humu?"

Wateja wawili walikuwa wamekaa studio wakisikiliza. Machage hakujua Nyamburi yuko wapi. Studio kwake alikuwa na spika zote sita, na huko alimsikia vizuri. Kusema "sijui, ngoja nitazame" kungemaliza jambo. Lakini wateja walikuwa wanamtazama, na kibao kilikuwa juu ya kichwa chake.

"Sauti yake ilikuja mbovu, Mwalimu," alisema. "Nikaizima ili kuokoa wimbo."

Jumapili iliyofuata kigango kizima kilikuwa na sentensi hiyo. Nyamburi hakwenda Musoma kugombana. Alifua sare ya kwaya, akaipiga pasi, akaipeleka kwa katibu imekunjwa vizuri, na hakuimba tena. Mwaka uliofuata familia ikarudi Butiama kulima.

Machage alikuja kujua kosa lake baada ya miezi miwili, pale Mwigobero, ufukweni mwa Musoma, kwenye mgahawa unaotazama mitumbwi. Mama Wegesa, mwenye mgahawa, alikuwa amemwita kutengeneza deki. Machage akainama nyuma ya deki na kuchomeka waya bila kutazama. Waya ukaingia tundu la tatu, lile la fungu la katikati. DVD ya kwaya ilikuwa ndani, na ghafla Nyamburi akaimba peke yake, bila kwaya, bila kinanda. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za dagaa wakasimama.

"Nani huyo?" mmoja akauliza.

"Acha hapohapo, baba!" Mama Wegesa akasema. "Usiguse!"

Machage akauchomoa waya. "Pameharibika hapo, mama," alisema.

Kusahihisha kulikuwa rahisi. Angekwenda Bunda Jumapili moja, asimame baada ya matangazo, aseme: ndugu zangu, hamisheni waya mmoja, dada yumo, kosa ni langu. Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili alikuwa na harusi ya kupiga muziki. Ya tatu hakuwa na sababu, na hakwenda. Baadaye jambo likawa la aibu, kisha likawa la zamani, na Machage akajiambia kwamba la zamani halidai. Lakini kila alipochanganya sauti ya mwanamke, tangu siku hiyo, aliigawa kwenye mafungu yote.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Siku moja ya Jumatatu, Agosti, msichana akaingia studio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzee umemwona wapi? Kaa."

Akacheka, akatoa kwenye mkoba DVD iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye jalada, chini ya picha ya kwaya, kulikuwa na jina la studio.

"Naitwa Matrida. Mama yangu yumo humu. Yumo, lakini hayumo."

Machage alikuwa ameitambua DVD hiyo kabla haijatoka yote mkobani.

"Alipasuliwa tezi ya shingo mwaka juzi," Matrida akaendelea. "Siku hizi ananong'ona tu. Lakini alikuwaga anaimba, bibi ndiye anasema. Mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nakumbuka anapalilia muhogo, anaimba chinichini. Akiniona ananyamaza." Akaisogeza DVD mezani. "Naolewa, sendofu yangu Jumamosi. Nataka mama asikie sauti yake mbele ya watu. Fundi simu mmoja pale Bunda kaniambia sauti za DVD huwaga zimefungiwa chumba chumba. Eti aliyefunga ndiye mwenye ufunguo."

"Huyo fundi ana maneno mengi."

"Lakini inawezekana?"

"Inawezekana," Machage akasema. "Nitaileta mwenyewe, na spika zangu. Sitaki malipo."

"Hee, Injinia! Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimkaa vibaya siku nzima.

DVD ilikuwa na mikwaruzo. Aliiosha kwa sabuni, akaikausha kwa shati lake, na kompyuta ikaisoma mara ya tatu. Programu ikaitenga sauti na picha, kisha ikaivunja ile sauti ikawa faili sita, kila moja na mstari wake kwenye kioo. Akafungua moja moja. Mbele kushoto, wanawake. Mbele kulia, wanaume. Faili la sabufa, ngoma tu, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Mafaili mawili ya nyuma yalikuwa na mwangwi wa kanisa, mtu akikohoa, mtoto akilia na kubembelezwa. La katikati aliliacha mwisho.

Kabla ya wimbo palikuwa na sekunde nane alizosahau kukata, ujana ulipokuwa na haraka.

"Kaka Machage, nasikika?"

"Unasikika, dada. Sauti haina doa. Sijawahi kurekodi sauti kama hii. Haya, twende."

Ya pili ilikuwa sauti yake mwenyewe, alipokuwa amesimama karibu na maiki ya Nyamburi. Ilikuwa nyembamba, yenye furaha, na ilikuwa inasema kweli.

Akaziburuzia kipanya zile sekunde nane mpaka zikageuka rangi, akabonyeza kufuta, zikatoweka. Akahifadhi faili hilo jipya kwenye flashi. Kisha, bila kujua bado kwa nini, akahifadhi na lile refu.

Ijumaa akapakia spika sita kwenye gari la kukodi na kwenda Butiama. Nyamburi alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele wa sherehe, kovu jembamba shingoni. Alimtazama akishuka.

"Karibu, kaka Machage," alinong'ona. "Umezeeka."

"Na wewe hujabadilika."

"Muongo." Akasogeza ungo. "Kaa. Matrida kasema umeipata."

Njia nzima Machage alikuwa ameamua kumsikilizisha faili fupi. Akafungua kompyuta yake pale mkekani, akamvalisha hedifoni. Mafaili yote mawili yalikuwa pale kwenye kioo, na alipomwona Nyamburi amefumba macho akisubiri, akafungua refu.

Nyamburi akatabasamu kusikia sauti yake ikiuliza. Kisha tabasamu likasimama. Akainua mkono.

"Rudisha."

Akarudisha. Akainua mkono tena. Mara tatu alisikia sekunde nane zile, na mara zote hakuuacha wimbo uanze. Akavua hedifoni, akaiweka juu ya mchele.

"Ulisema mbovu."

"Nilisema."

"Na ulikuwa unajua si mbovu."

"Nilikuwa najua. Sikujua tu imekwenda wapi. Baada ya miezi miwili nikajua na hilo."

"Miezi miwili." Akaokota kokoto kwenye ungo, akaitupa mbali. "Mume wangu alinitania mpaka anakufa, Machage. Hakuwa na ubaya. Akinisikia jikoni anasema, 'Zima hiyo, Injinia ameikataa.' Mimi nazima. Sasa imezimwa kweli."

"Nisamehe, dada."

"Hilo subiri." Alisogea, maana sauti yake haikufika mbali. "Kesho kwaya wanakuja. Mwalimu Onesmo anakuja. Wasikilizishe haya ya mwanzo. Usikate hata neno."

"Na wimbo?"

"Wimbo naujua."

Jumamosi alasiri turubai lilijaa. Machage alikuwa amefika asubuhi na kamba ya kupimia, akapanga spika mbili nyuma ya wageni, nne mbele, na kiti cha mama wa bibi harusi akakiweka pale hasa sauti zote zinapokutana. Mshereheshaji alipomwita, alichukua maiki. Alikuwa ameandaa maneno mengi. Aliyosema yalikuwa machache: kwamba dada huyu hakuwahi kuimba vibaya, kwamba sauti ilikuwa kwenye tundu la katikati, kwamba alijua na akanyamaza. Kisha akabonyeza.

Sekunde nane zikapita. Mwalimu Onesmo, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, akasimama.

"Huyo anayesema haina doa ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Rudia."

Akarudia.

"Kumbe waya tu!" mwanamke mmoja wa kwaya akasema, akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akajifunika mdomo kwa kitenge.

Nyamburi alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Aliwatazama wanakwaya wenzake wa zamani mmoja mmoja, waliokuwa wamebaki kama kumi na watano, bila kumruka hata mmoja. Mwalimu Onesmo aliinamisha kichwa kabla hajafikiwa.

Kisha kinanda kikaanza. Nyamburi akasimama, akajifunga kitenge kiunoni, akatoka nyuma ya turubai kwenda kuangalia nyama jikoni. Matrida alianza kumfuata, akaisikia sauti ya kwanza ya shairi, akasimama pale pale katikati ya njia, mkono kifuani.

Spika zote sita ziliimba, na hakuna waya uliokuwa kwenye tundu lisilo lake. Machage aliketi kwenye mitambo akikitazama kile kiti alichokipima kwa kamba. Kilikuwa kitupu, na hata wageni waliosimama kwa kukosa nafasi hawakukikalia.