Chupa ya Usiku Niliyokuwa Nikiijaza kwa Siri

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Nilimzunguka mke wangu mpaka akakaribia kupoteza kazi, na hata pasta nikamsumbua bure. Aibu niliyo nayo, wacha tu!

Mimi ni mfungaji wa miraa huku mjini Maua. Jioni naleta mzigo sebuleni, nachambua, nafunga vibunda kwa majani ya mgomba, nangoja pikapu ipite kabla hakujakucha. Unatafuna kidogo usisinzie, mdomo unachangamka, na wa kupiga naye stori hakuna. Ni upweke, jamani!

Binti yetu Makena alikuwa ametimiza mwaka, na bado aliamka usiku kudai chupa. Nesi wa kliniki akasema mtoto ana afya nzuri, chupa hiyo haihitaji tena, tuipunguze polepole. Mke wangu, mwalimu wa nasari, akalivalia njuga. Kila jioni anapima maziwa mwenyewe, na baada ya siku chache anapunguza kidogo. Kwa kuwa mimi ndiye niko macho, kazi yangu ni kumpa Makena na kumpigapiga mgongo hadi alale. Nisiwashe taa. Nisimwongeleshe.

Nisimwongeleshe! Mtu pekee aliyeamka nyumba nzima!

Usiku wa kwanza nilitii. Wa pili, Makena akanitazama, akacheka na vile vimeno vyake. Nikaisha kabisa. Nikajaza chupa hadi juu kwa maziwa ya thamosi, nikamkalisha kando ya vibunda, nikamweleza bei ya miraa na shida zote za mvua. Alisikiliza kuliko mzee yeyote wa mtaa wetu!

Ikawa mazoea. Shida ni kwamba pikapu ikifika mimi natoka kupakia, namrudisha mtoto kitandani akiwa macho kabisa. Analia, mama yake anaamka, na hakuna kulala tena mpaka saa ya kwenda shule.

"Baba Makena, mbona chupa inapungua na mtoto anazidi kuamka?" akaniuliza.

"Labda ni meno," nikasema. Uongo mtupu!

Akampeleka Makena kwa nyanya yake kule Kiirua wikendi moja. Huko Makena alilala fofofo, kwa ile chupa ndogo! Mke wangu akarudi na jibu lake: basi shida ni hii nyumba. Akaita pasta. Pasta akazunguka sebuleni akikemea roho inayoamsha mtoto, na mimi, roho mwenyewe, nimesimama pale nikiitikia amina kwa sauti kubwa.

Ningenyamaza hata baada ya hapo. Lakini siku moja mke wangu alirudi kutoka shuleni akilia. Alikuwa amesinzia mezani, watoto wa nasari wakatoka wote wakaenda hadi karibu na barabara. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, ila mwalimu mkuu alimwambia ikitokea tena aende nyumbani.

"Hata sijui nakosea wapi," akasema. "Pengine mimi si mama wa maana."

Hapo moyo ulinikatika. Nikasema yote, thamosi, stori, kila kitu.

Akafuta machozi. "Kwa hivyo ile roho ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na uliitikia amina?"

"Niliitikia."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanirushia kandambili, ya kwanza na ya pili. Kesho yake nilihamishia vibunda jikoni, nikaenda mwenyewe kumwomba pasta msamaha. Tukaanza upya na chupa, kidogo kidogo, nami nikafunga mdomo. Siku hizi Makena hatupi shida tena, analala hadi jogoo awike, na mama yake anaenda kazini akiimba. Mimi nabaki na miraa yangu, na kusema kweli binti yangu namkosa sana usiku.

Wababa wenzangu, mkiambiwa mnyamaze, nyamazeni! Mtoto akilala, nyumba nzima inapona.

Mke wangu aliniona nimenuna akanihurumia, akasema nikizidiwa na upweke nimwamshe yeye tuongee. Hilo nalo nawaonya, msijaribu. Nilimwamsha mara moja tu, na bado naomba msamaha.