Santuri Iliyorudishwa Dukani

Nilikuwa kwenye duka la santuri mtaani Balsall Heath, huku ughaibuni, nikipanga orodha yangu ya albamu bora za mwaka za muziki wa bluzi, folk na soul. Spika iliimba taratibu, mvua ikiteleza kiooni, nami nimeegemea rafu nikielea kama jani la chai kikombeni.

Akaingia dada Mkenya mwenye sare ya kutunza wazee, akaweka santuri ya soul kwenye kaunta kwa vidole viwili, kama samaki aliyeoza.

"Kaka, nairudisha."

"Inakwaruza?" akauliza muuzaji, Mzanzibari.

"Inaimba vizuri mno! Mume wangu alitazama mazishi ya mamake kwa simu, hakutoa chozi. Mwezi mzima yuko kimya, chakula hagusi. Juzi nikaweka hii. Analia mpaka leo!"

"Na chakula?"

Dada akazungusha kidole kwenye ukingo wa jalada.

"Jana alikula. Akaongeza."

"Sasa dada, mgonjwa kapata nafuu, wewe unarudisha dawa?"

Dada akaikwapua santuri, akaikumbatia, akatoka mvuani bila kuaga.

Namba moja kwenye orodha yangu nimeipa santuri hiyo, na sijaisikia hata kidogo. Mwaka mzima nimepima albamu kwa magitaa na sauti. Sikuwahi kufunua sufuria nione nani kala baada ya kuzisikiliza.