Maziwa Yalipochanganyika Uani

Nilipokuwa msichana wa miaka minane hivi, kule Majengo, tuliishi ua mmoja na Mama Nekesa, na ua huo ulikuwa na tawala mbili. Upande wetu alitawala paka wa Nyanya, aliyeitwa Nyau kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Upande wa pili, karibu na bomba la maji, alikaa mbwa wa Mama Nekesa. Aliitwa Simba, ingawa alikuwa jike na mwoga wa radi.

Wanyama hao hawakupatana, na wenye kuwafuga hawakupatana kwa ajili yao. Nyanya hakutaka pua ya mbwa iguse ndoo yake wala mkeka wake wa kuswalia. "Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii," alisema mara kwa mara, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya kamba ya nguo. Mama Nekesa naye alitoka Bungoma na hofu zake: kwao paka alikuwa mnyama wa kutumwa na wachawi. Nyau akipita karibu na mlango wake, alimfunika uso binti yake mchanga, Nekesa, kwa leso. Wanawake hao wawili walijuliana hali kila asubuhi, lakini hakuna aliyewahi kukanyaga chumba cha mwenzake.

Kisha Nyau akazaa watoto watatu nyuma ya pipa letu la maji, na kabla hawajafungua macho, yeye mwenyewe akagongwa na mkokoteni wa mitumba akafa. Tuliwadondoshea vipaka maziwa kwa kitambaa, wakayatema. Asubuhi moja nilikwenda kuwatazama nikakuta pahali patupu. Nikajua Simba amewala. Nilipiga yowe, Nyanya akatoka na fagio.

Simba alikuwa amelala ubavu juu ya gunia lake. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekufa juzijuzi tu, na sasa vipaka vyetu vilikuwa vimejipanga tumboni pake vikinyonya, naye akivilamba migongo kimoja kimoja.

"Cheki! Simba amekuwa matha wa paka!" watoto wa majirani walipiga kelele.

Mama Nekesa hakucheka. "Mama, tuwaondoe hawa. Hii kitu si ya kawaida."

Nyanya alishusha fagio polepole. "Waache wanyonye. Lakini mama yangu alituambia: maziwa ya wanyama yakichanganyika uani, ya watu nayo yatachanganyika. Na hayo hayatenganishwi tena."

Aliyasema hayo kama onyo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mawingu. Mimi nilielewa kitoto. Kwa siku kadhaa niliilinda birika yetu ya maziwa ya chai, asije mtu wa upande wa pili akaisogelea.

Mwezi huo mama yangu alijifungua ndugu yangu Jamali. Hata wiki haikuisha, homa kali ikamshika Mama, Baba akamkimbiza hospitali, akalazwa. Jamali akabaki mikononi mwa Nyanya. Maziwa ya kopo aliyatapika yote. Tulijaribu tena na tena, naye akazidi kutapika, mpaka kilio chake kikawa chembamba kama cha ndege. Nyanya alimpakata akisoma dua.

Mchana wa siku ya pili, Mama Nekesa alisimama mlangoni petu, Nekesa mgongoni.

"Hodi. Mama, nipe huyo mtoto."

Nyanya alizidi kumkumbatia Jamali kifuani.

"Mimi sijui sheria zenu," Mama Nekesa akasema. "Lakini mtoto ana njaa, na mimi maziwa ninayo."

Nyanya aliinuka, akapangusa kigoda chake kwa ncha ya leso, akamkalisha. Jamali alipopelekwa kifuani, Nyanya ndiye aliyesema, "Bismillahi." Tukasikia anameza. Nyanya alilia waziwazi, mbele yangu, kwa mara ya kwanza.

"Basi huyu sasa ni wako pia," alisema. "Na Nekesa ni dada yake. Walionyonya ziwa moja hawawezi kuoana kamwe."

"Kwani walikuwa wameanza kuchumbiana?" Mama Nekesa akauliza, na wote wawili wakacheka machozi yakiwatoka.

Mama alirudi akiwa amekonda, lakini hai. Jamali aliendelea kunyonya kwa zamu, huku na huku, na hakuna aliyemzuia.

Nyanya ameshafariki. Mwaka jana tulikwenda Bungoma kumzika Baba Nekesa. Mchungaji aliwaomba watoto wa marehemu wasimame. Jamali, kofia yake kichwani, alibaki ameketi kando yangu. Mama Nekesa akageuka. "Jamali, wewe unangoja kuitwa na nani?"

Akainuka, akaenda kusimama kando ya Nekesa.

Sijui kama Nyanya aliona mbele, au alirudia tu aliyoyasikia utotoni. Najua alituonya kwa hofu, na kilichokuja ndicho kilichomwachia ndugu yangu uhai. Kila nikimwona Jamali ameketi na wanawe, namshukuru yule mama aliyebisha hodi.